Kwa meli hadi Aswan: mawe yaliyookolewa, watu waliohamishwa

Mjini Luxor, meli za kitalii haziegeshwi moja moja. Gati ni chache na meli ni nyingi, kwa hiyo hufungwa ubavu kwa ubavu, nne, tano, hata sita, na abiria wa ile ya nje kabisa hufika nchi kavu kwa kukatiza mapokezi ya zote zilizo kati yake na ukingo. Unakanyaga zulia la meli ya kwanza, unapita chini ya taa za vioo za meli ya pili, unanusa kahawa ya meli ya tatu, na kila mahali mhudumu asiyekujua anakukaribisha kama mgeni wake. Usiku, dirisha ulilolilipia ili utazame Mto Nile linatazamana na dirisha la jirani, na jirani anapiga mswaki.

Hayo hayamo kwenye matangazo. Heri kuyajua mapema, maana safari yenyewe haina haraka wala haikukusudiwa kuwa nayo. Kutoka Luxor hadi Aswan ni kilomita 200 na ushei, mwendo wa saa chache kwa basi, na meli huumaliza kwa siku tatu au nne. Sababu ya kupanda meli ni kwamba karibu kila jengo la kale utakaloliona njiani lilijengwa na watu waliotegemea wageni wao waje kwa maji.

Chukua Karnak. Watalii wengi huingia mbio kuwahi ukumbi wa nguzo 134, na siwalaumu. Zile 12 za katikati zina urefu wa mita 21 hivi, na shingo huuma kwa kuzitazama. Lakini kabla ya lango kuu kuna jukwaa la mawe ambalo wengi hulivuka bila hata kuliangalia. Hapo palikuwa gatini. Enzi hizo mto ulikuwa karibu zaidi, na mfereji ulichimbwa kuyaleta maji hadi mlangoni pa mungu Amun, kwa kuwa Amun mwenyewe alikuwa msafiri. Sanamu yake ilikaa ndani ya mashua takatifu iliyobebwa na makuhani mabegani, na katika sikukuu ya Opet ilipelekwa hadi hekalu la Luxor, karibu kilomita 3 kutoka hapo. Zipo zama ilipopitishwa nchi kavu, na zipo zama iliposafirishwa mtoni. Ile njia ya nchi kavu, yenye sanamu za sphinx pande zote mbili, ilifukuliwa na kufunguliwa upya Novemba 2021.

Ndani ya hekalu la Luxor umo msikiti wa walii Abu al-Haggag. Ulijengwa wakati ambapo mchanga na vifusi vilikuwa vimelifukia hekalu karibu hadi juu ya nguzo. Vilipoondolewa, mlango wa zamani wa msikiti ukabaki unaning'inia hewani, hakuna wa kuufikia. Msikiti bado unasaliwa. Na kila mwaka, katika maulidi ya walii huyo, watu wa Luxor hupitisha mashua barabarani, zimepambwa, jirani kabisa na kuta zilizochongwa mashua za Opet. Wapo wanaosema ni mila ile ile iliyobadili dini, na wapo wanaosema ni sadfa tu. Mtu wa Lamu, aliyezoea maulidi yenye mashindano ya majahazi, hatashangaa sana. Mbele ya lango la hekalu umesimama mnara wa jiwe moja, peke yake. Mwenzake uko Paris, uliposimamishwa mwaka 1836, baada ya Wafaransa kuunda meli maalumu ya kuufuata na kuipa jina la Luxor.

Ng'ambo ya magharibi, katika hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama Farao katika karne ya 15 KK, kuna ukuta ambao mimi ningeutafuta kabla ya makaburi yote ya wafalme, hata la Tutankhamun. Umechongwa msafara wa meli 5 kwenda nchi ya Punt. Utaona nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, miti ya ubani ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani wakitembea juu ya kamba za meli, na chini yake samaki waliochongwa kwa uangalifu hata wataalamu wakawatambua kuwa ni wa Bahari ya Shamu. Wapo kwetu wanaotamani Punt iwe Pwani ya Waswahili. Ushahidi hauwafuati: uchunguzi wa masalia ya nyani waliohifadhiwa Misri, uliochapishwa 2020, unaelekeza Pembe ya Afrika na jirani zake.

Kwa karne nyingi aliyesafiri mto huu alitegemea rehema ya upepo. Upepo wa kaskazini ulimsukuma kwenda kusini, mkondo ukamrudisha kaskazini. Amelia Edwards, Mwingereza aliyepanda dahabiya, yaani jahazi la Nile lenye vyumba, kati ya 1873 na 1874, alikaa mtoni majira mazima ya baridi, akaandika kitabu kilichotoka 1877, na mwaka 1882 akawa miongoni mwa waanzilishi wa mfuko wa kugharimia uchimbaji wa mambo ya kale ya Misri. Wakati huo huo kampuni ya Thomas Cook ilikuwa imekwisha kuleta meli za mvuke, na meli za mvuke zikaleta ratiba. Ratiba hiyo ndiyo tunayoifuata hadi leo, tena sote kwa saa moja.

Esna meli husubiri zamu. Mto umezuiwa kwa ukuta, na chombo hupitishwa kwa kuingizwa kati ya milango miwili, maji yakaongezwa au kupunguzwa mpaka kilingane na upande wa pili. Wakati huo wa kusubiri ndio soko la vijana wa mashua ndogo. Hufunga kamba ubavuni mwa meli, husimama wima juu ya mashua inayoyumba, na kurusha kanzu, mashuka na vitambaa vya meza, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, hadi sitaha ya juu kabisa. Mikono yao hukosea mara chache. Mfuko mmoja mmoja huishia kwenye bwawa la kuogelea. Bei hutajwa kwa sauti, kwa Kiingereza, Kijerumani au Kihispania, kutegemea sura iliyochungulia. Aliyekubali hutia fedha ndani ya mfuko ule ule na kuutupa chini. Aliyekataa huurudisha na mzigo wake. Sijaona soko jingine ambapo muuzaji hukabidhi bidhaa kwanza, kisha ndipo anaanza kubishana bei na mtu aliye juu yake ghorofa tatu.

Mji wa Esna wenyewe meli nyingi hupita bila kushusha abiria, nami naona ni hasara. Hekalu la mungu Khnum limo shimoni, mita 9 hivi chini ya barabara, kwa sababu watu wamejenga na kujenga tena juu ya ardhi iliyolizunguka. Tangu 2018 mafundi wa Misri na Ujerumani wamekuwa wakisafisha masizi na uchafu wa karne nyingi, na chini yake zimetokea rangi ambazo hakuna aliyetarajia kuziona: buluu, njano, nyekundu, kana kwamba mchoraji kaondoka jana.

Edfu ndipo ratiba inapouma. Meli huwasili usiku, na alfajiri mistari ya magari ya farasi inangoja gatini. Kila meli imekusudia kumuwahi mwenzake, matokeo yake zote zinafika langoni pamoja. Hekalu la mungu Horus ni zuri kuliko maneno. Lilianzwa 237 KK na kumalizika 57 KK, chini ya watawala wa asili ya Kigiriki, kwa hiyo piramidi za Giza lilizikuta zina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Lango lake lina mita 36, na dari bado ipo. Lilihifadhika hivyo kwa sababu lilizikwa: mpaka Mfaransa Auguste Mariette alipolifukua katika miaka ya 1860, wanakijiji walikuwa wamejenga nyumba zao juu ya paa lake. Sasa jaribu kulielewa hilo ndani ya saa moja na nusu, umebanwa kati ya makundi yenye vibendera, kila mwongozaji akipaza sauti kumshinda mwenzake. Nasaha yangu ni fupi. Wenzako wakisongamana mbele, wewe zunguka nyuma, kwenye ujia ulio kati ya ukuta wa nje na hekalu, uwaone Horus na maadui zake waliochongwa kama viboko. Humo kuna kivuli, na mara nyingi nafasi.

Kom Ombo ni jioni. Hekalu liko ukingoni kabisa, nusu ni la Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba, nusu ni la Horus Mkubwa, milango miwili, njia mbili, na mamba waliokaushwa katika makumbusho ya pembeni. Mto uliolileta hekalu hapo umeshalimega. Sehemu ya ua wa mbele ilikwenda na maji. Usiondoke kabla ya kuchungulia kile kisima chenye ngazi. Kilikuwa kipimo cha mafuriko. Maji yakipanda vizuri, mavuno yanatabirika kuwa mema, na kodi nayo inapandishwa. Mkulima wa Misri alitozwa kwa kina cha maji kabla hajavuna hata punje.

Mwenye uwezo wa kuchagua, achague dahabiya. Bado zipo, nyingi zikianzia Esna, zenye vyumba vichache na tanga mbili, na bei yake ni ya juu. Faida yake ni kwamba husimama pale meli kubwa zisipoweza kutia gati, kama vile Gebel el-Silsila, mahali ambapo mto unabanwa na miamba na ambapo mawe ya Karnak yalikatwa, yakapakiwa na kuteremshwa kwa maji. Alama za patasi bado ziko ukutani. Ukishapaona hapo, zile nguzo 134 zinaanza kueleweka zilitokaje mlimani hadi kusimama.

Aswan ni mwisho wa njia. Bwawa Kuu, lililojengwa kati ya 1960 na 1970, halina mlango wa kupitishia meli. Kabla yake lilikuwapo bwawa la 1902, ambalo lilikuwa likilizamisha hekalu la mungu wa kike Isis kisiwani Philae sehemu kubwa ya mwaka, watalii wakipiga makasia kati ya vichwa vya nguzo. Bwawa Kuu lingelimaliza. Ndipo hekalu likavunjwa jiwe kwa jiwe, mawe yapatayo 40,000, likajengwa upya katika kisiwa jirani cha Agilkia na kufunguliwa 1980. Kusini zaidi, mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande zaidi ya 1,000 kati ya 1964 na 1968, yakapandishwa mita 65 juu ya yalipokuwa. Ni kazi ya kuheshimiwa, na waongozaji huisimulia kwa fahari, tarakimu zote kichwani.

Tarakimu nyingine huwa hawazitaji mpaka waulizwe. Kati ya 1963 na 1964, Wanubi wa upande wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa kutoka vijiji vya ukingoni na kupelekwa makazi mapya karibu na Kom Ombo. Wenzao wa Sudan, idadi inayokaribia hiyo, waliondolewa Wadi Halfa wakapelekwa Khashm el-Girba, mbali kabisa na Nile. Watu ambao mto ulikuwa mlangoni pao walipewa nyumba za mistari, mbali na maji, na mitende yao ikazama. Mahekalu yalitafutiwa mahali panapofanana na pa zamani, hata Abu Simbel ikaelekezwa ili jua liendelee kuingia hadi ndani Februari na Oktoba. Waliokuwa wakiishi jirani nayo hawakupimiwa kwa uangalifu huo. Na mtalii anaposhuka Kom Ombo kumtazama mamba aliyekaushwa, vijiji vyao viko jirani tu. Kwenye ratiba havimo.

Sisi wa huku juu ya mto hatuna wa kumcheka. Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria, bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954 liliyazamisha maporomoko ya Ripon, yale aliyoyaona mpelelezi Speke mwaka 1862. Misri ilichangia gharama, na ikaweka mhandisi wake pale kuangalia maji yanavyotoka. Leo mtalii wa Jinja hupakiwa botini na kuonyeshwa mahali yalipokuwa.

Kwa hiyo ukifika Aswan, siku ambayo meli imekupa nafasi ya sokoni, kodi teksi uende Makumbusho ya Nubia, yaliyofunguliwa 1997. Humo mna historia ya Nubia tangu kale, maisha ya vijijini kabla ya maji, na picha za mahekalu yakihamishwa. Ukiwa na siku zaidi, panda meli nyingine upande wa pili wa bwawa, zile za Ziwa Nasser ziendazo Abu Simbel. Ni chache kuliko za mtoni na hupitia Wadi el-Sebua na Amada, mahekalu yaliyohamishwa pia. Kisha hupita Qasr Ibrim, ngome na kanisa kuu la Wanubi Wakristo, lililokuwa juu ya jabali refu na sasa maji yamelifikia. Pale hapakuhamishwa, na abiria hawaruhusiwi kushuka. Hutazama kutoka sitahani, kwa hiyo beba darubini. Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Julai, joto la Aswan huvuka nyuzi 40.