Ukisema Unaweza, Mmarekani Anasikia Huwezi

Msomaji wetu mmoja wa Arusha, anayepokea simu katika kampuni ya kupeleka watalii mbugani, ametuandikia akiwa na dukuduku. Alimwambia mgeni kutoka Marekani, kwa Kiingereza kilichonyooka, "We can pick you up at six", yaani gari litamfuata saa kumi na mbili. Mgeni akanyamaza kidogo, kisha akauliza: basi nani atanichukua? Msomaji anasema kila neno alilitamka sawasawa, hakumeza kitu. Anataka kujua kosa liko wapi.

Kosa liko hapohapo: hakumeza kitu.

Sarufi yenyewe sitaichambua, maana vitabu vya shule vimeichosha. "Can't" ni ya asiyeweza sasa, "couldn't" ya aliyeshindwa jana, na "can't be" ni ya jambo lisilowezekana kabisa, kama kuambiwa jirani yako ameonekana Kariakoo na wewe umetoka kumsindikiza kwenye basi la Mwanza. Kuna na kioja cha "must": ukiikanusha, kwa kawaida inageuka kuwa marufuku, ndiyo maana Mwingereza aliyesema "lazima ni yeye" kwa "must", akitaka kusema "haiwezi kuwa yeye" huiacha "must" akaenda kuazima "can't". Wamarekani wengi hawaazimi kila mara. Tuendelee.

Utamu uko kwenye matamshi. Msikilize Mmarekani akisema "I can go". Mkazo wote unakwenda kwenye "go", na "can" inabaki kama "kn" tu, irabu yake imefifia mpaka karibu haipo. Sasa msikilize akisema "I can't go". "Can't" haikubali kufifia. Irabu inatoka nzima, pana, mdomo wazi. Na ile t? Mara nyingi haitoki. Nyuzi za sauti zinafungana ghafla kooni, pumzi inakatika, na neno linalofuata linaanza. Hakuna ile "ti" tunayoitegea sikio sisi. Kwa hiyo Mmarekani mwenyewe haitafuti t. Anasikiliza irabu: ikiwa imefifia, mtu anaweza, ikiwa nzima, hawezi.

Kiswahili hakina tabia hiyo. Irabu zetu tano kila moja hupewa haki yake, iwe na mkazo au isiwe nao. Tamka "karatasi": mkazo umeangukia "ta", lakini a ya mwanzo haikupunjwa hata chembe. Tunaingia kwenye Kiingereza na ukarimu huohuo, tunasema "kan" kwa a kamili, tena tunaisimamia kidogo ili mgeni aelewe vizuri. Mgeni anaelewa vizuri kweli: anaelewa kwamba hatuwezi. Na kadiri tunavyorudia kwa msisitizo, ndivyo tunavyozidi kukataa.

Hiyo sauti ya kukata pumzi inahitaji jina. Ukiifuata istilahi ya wanaisimu neno kwa neno utapata kitu kama "kipasuo cha glota", jina linalofaa kuandikwa kwenye cheti cha hospitali. "Kikwamo" kingekuwa kifupi, ila kinanukia ugonjwa. "Kikatapumzi" nacho kinatisha watoto. Mimi nasema jina tunalo siku nyingi, nalo ni hamza ya Kiarabu. Mtoto wa chuoni Lamu au Unguja anaijua hamza kabla hajaweza kusoma gazeti la Kiswahili. Na hata ambaye hakukaa kwenye mkeka wa madrasa anaitoa kila siku bila kujua. Mpe mtoto dawa chungu umsikie: "A-a!" Kati ya a ya kwanza na ya pili koo limefunga na kufungua. Hamza hiyo. Kwamba sisi pia tunaitumia kukataa ni sadfa tu, lakini ni sadfa ninayoipenda.

Basi ifikirie t ya "can't" kama konda wa daladala aliyeona trafiki mbele. Gari limejaa kupita kiasi, yeye kachuchumaa katikati ya miguu ya watu, na aliye nje hamwoni. Lakini kazi yake yote inaonekana. Abiria wamebanwa, mlango umebamizwa, gari limelalia upande mmoja na linakwenda kwa kujivuta. Trafiki mzoefu hana haja ya kumwona konda ndipo ajue yumo. Ndivyo "can't" inavyosikika: irabu imejaa, n imebanwa ikawa fupi, pumzi imebamizwa kama mlango, na t mwenyewe kajificha. "Can" nayo ni daladala tupu linalowahi kituo ambako anasubiri abiria wa maana, yaani kitenzi; linapita kasi hata husomi kama ni la Mbagala au la Gongo la Mboto. Sasa wewe wa Arusha umeliendesha daladala tupu, huna konda wala abiria, lakini unajivuta, gari limelala upande. Trafiki ana haki ya kukusimamisha.

"Could" haina balaa hili. Ukiikanusha, n inajitengenezea silabi yake, kwa hiyo hata t ikipotea bado msikilizaji anahesabu silabi mbili badala ya moja. Na ukienda London mambo ni mepesi zaidi, maana huko wengi husema "kaant" kwa a ndefu ya nyuma ya mdomo, tofauti kabisa na irabu ya "can". Lahaja nyingine zina yake.

Kiingereza kimefikaje mahali pa kuliacha neno zito kama "siwezi" lining'inie kwenye irabu? Mwanaisimu wa Denmaki, Otto Jespersen, aliieleza njia hiyo mwaka 1917, katika kitabu chake kuhusu ukanushi. Zamani Kiingereza kilikanusha kwa kijineno "ne" mbele ya kitenzi. Kikawa chepesi mno, hakisikiki, watu wakakiongezea nguvu nyuma ya kitenzi kwa neno lenye maana ya "si kitu", ambalo ndilo baba wa "not". Baadaye "ne" ikafa, "not" ikabaki na kazi peke yake. Nayo ikachoka: kufikia karne ya 17 tunaiona vitabuni imesinyaa na kugandana na kitenzi. Kifaransa kimo safarini vilevile, kina "ne" na "pas", na kwenye mazungumzo "ne" imeshaanza kuachwa. Mwaka 1979 mwanaisimu Östen Dahl aliupa mwendo huo jina la mzunguko wa Jespersen.

Mwaka 1983 wanaisimu Arnold Zwicky na Geoffrey Pullum wakaongeza jambo. Walionyesha kwamba hicho kipande cha "n't" si neno lililofupishwa tena. Ni kiambishi, sehemu ya mwili wa kitenzi. Ndiyo maana "will" ikikanushwa inabadilika sura kabisa ikawa "won't", na ndiyo maana katika swali "can't" inaruka nzima mbele ya mtendaji. Kwa maneno mengine, Kiingereza kimepata kitenzi kinachokanushwa ndani kwa ndani, kitu ambacho jamaa wa Kibantu wanakifanya bila kutangaza. Sisi tuna "siwezi": "si" inamtahadharisha msikilizaji mapema, na i ya mwishoni inapiga muhuri. Jespersen aligundua pia kwamba lugha hupenda kuwahisha ukanushi mwanzoni, ili msikilizaji asije akajenga maana yote kisha akaambiwa aibomoe. Simu ikikatika katikati ya "siwezi", habari mbaya imeshafika.

Dawa ya simu za Marekani ni kulidhulumu neno. Sema "we kn PICK you up", mkazo wote kwenye kitenzi, "can" uipitie kama unakanyaga kaa la moto. Ukiwa huwezi, achana na "can't", sema "cannot" kwa silabi mbili, au tumia "unable".

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyochaguliwa na watu wasioweza kumudu kutoelewana. Katika taratibu za mawasiliano za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, "unable" ni neno rasmi: siwezi kutekeleza ombi, agizo au kibali chako. Rubani anayeondoka Dar es Salaam akiambiwa apande kimo ambacho ndege yake haikimudu, hujibu "unable", na kwa kawaida huongeza sababu.