Anayebaki Benchi

Wakati wa Komunyo, kanisa la kijijini hutoka benchi kwa benchi. La kwanza linasimama, la pili linafuata, kandambili zinaburura vumbi sakafuni. Kisha yuko yule asiyetoka. Anapisha magoti ili wenzake wapite, anafunga upya khanga iliyombeba mtoto, anatazama chini. Katika vijiji kama vya Gehandu, jina la kata lililopo Mbulu na Hanang pia, mkoani Manyara, watu hawahitaji kuuliza. Amezaa kabla ya ndoa, au anaishi na mwanamume ambaye hajafunga naye ndoa. Hakuna anayemtukana. Lakini macho anayahisi hadi misa inapoisha.

Aibu ya namna hii haikuletwa na makanisa peke yake. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walikuwa na metimani: kutengwa kwa mtu au kaya iliyoguswa na unajisi, kwa mfano baada ya kifo. Waliotengwa hawakutembelewa wala kula na majirani, mpaka muda uishe na utakaso ufanyike. Mimba ya msichana asiyeolewa iliingia humo, tena kwa ukali mkubwa. Msichana alifukuzwa nyumbani akaenda kuzalia mbali, kwa kuwa ilihofiwa kwamba angeleta balaa kwa watu, mifugo na mvua. Wanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal na Astrid Blystad, waliofanya utafiti wa miaka mingi eneo hili, wameeleza jinsi majirani zao Wadatoga walivyowapokea wasichana hao na kuwaoa. Kwao mimba hiyo haikuwa balaa. Bibi wa ukoo fulani wa Kidatoga anaweza kuwa Mwiraqw aliyewahi kufukuzwa na baba yake.

Ukatili huo hauna wa kuutetea. Ila jambo moja linafaa kuangaliwa kwa makini: metimani ilishughulika na hali ya mtu, si na nia yake. Haikumtaka mtu ajichukie. Na kwa hali nyingi ilikuwa na siku ya kuisha.

Kanisa lilikuja na swali jingine. Mbulu ikawa na mamlaka yake ya Kikatoliki mwaka 1943, na mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei wakafungua Hospitali ya Haydom. Mahubiri yakahamisha kosa kutoka kwenye boma hadi moyoni. Sasa hata ambacho hakuna aliyekiona, tamaa, ndoto, mkono gizani, kilikuwa na hesabu yake mbele za Mungu. Leo kijana wa Gehandu hubeba vyote viwili: hofu ya wazee kwamba mwili wake umechafuka, na hofu ya katekisimu kwamba roho yake imepotea.

Kiswahili kinatofautisha vizuri mambo mawili ambayo saikolojia ilichelewa kuyatenganisha. Anayejuta hulitazama tendo: nimekosa. Anayeaibika hujitazama mwenyewe: mimi ni mtu wa hovyo. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, aliiweka tofauti hiyo katikati ya kazi yake, na June Tangney akaipima kwa miaka mingi baadaye. Kwa jumla, majuto humsukuma mtu kuomba radhi na kurekebisha. Aibu humsukuma ajifiche, nayo ndiyo inayoambatana zaidi na sonona, hasira na kujidharau. Kwa hiyo si kila hatia ni ugonjwa. Dhamiri inayosuta ni sehemu ya afya ya mtu. Ugonjwa huanza pale kosa linapogeuka kuwa jina lake.

Kwenye zahanati aibu huonekana hivi: mtu haji akisema ana aibu. Anasema kichwa kinamuuma, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, ana mawazo mengi. Anapewa dawa ya maumivu. Anarudi baada ya wiki mbili na kichwa kilekile.

Aibu pia haizuii inachokusudia kuzuia. Meg Gerrard, katika utafiti wake wa mwaka 1982 kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu Marekani, alikuta kwamba wenye kuhisi hatia kubwa kuhusu ngono, miongoni mwa wale waliokwisha kuanza, walikuwa wazito zaidi kutumia njia bora za uzazi wa mpango. Sababu haiko mbali. Kubeba kondomu ni kukiri kwamba umepanga kutenda dhambi. Kuteleza bila kujiandaa kunaonekana dhambi nyepesi. Msichana mwenye hofu kuliko wote ndiye anayekutwa mikono mitupu. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Mimba huonekana. Aliyeitia haonekani, na mara nyingi Jumapili hiyohiyo anapanga foleni ya Komunyo bila shida. Hilo si haki, na kanisa lolote linaloliona likanyamaza linamwongezea binti mzigo usio wake.

Vijana wa kiume wana lao, na siku hizi limo kwenye simu. Joshua Grubbs na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliwakuta watu wa dini wanaoziona picha za ngono kuwa uovu wakijihesabu mateka wa picha hizo kuliko wengine, hata kiasi cha kutazama kilipozingatiwa. Yaani anayetazama kidogo sana anaweza kuteseka kuliko anayetazama kila siku, kwa sababu kila mara anavunja kiapo chake mwenyewe. Anayemshauri kijana kama huyo kwa kumtisha anaukaza uzi uleule unaomkaba.

Dini zenyewe zilijua zamani kwamba dhamiri inaweza kuugua. Neno wasiwasi tumelipata kwa Waarabu, na wanazuoni wa Kiislamu hulitumia kwa minong'ono inayomfanya mtu arudie udhu na sala bila kuridhika. Kwa Wakatoliki, Inyasi wa Loyola, mwaka 1522 huko Manresa, aliungama dhambi zilezile tena na tena mpaka akapata kishawishi cha kujiua. Alipona alipokata shauri la kutoyaungama tena yaliyokwisha kuungamwa. Walutheri nao wanajua habari za Martin Luther monasterini, aliyemchosha muungamishi wake kwa saa nyingi za kujichunguza. Inyasi aliokolewa na kikomo.

Kikomo hicho kipo hata Gehandu. Kwa Wakatoliki ni Kitubio: aliyezaa bila ndoa, akiungama na kuondolewa dhambi, anaweza kupokea Komunyo. Kwa Walutheri aliyetengwa hurudi kundini. Tatizo ni kwamba wapo wanaokaa benchi miaka kwa kukosa wa kuwaambia, au kwa kuogopa kusimama mbele ya usharika mzima. Serikali nayo ilichelewa kuwafungulia mabinti njia ya kurudi, lakini tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni.

Basi katekista, mwinjilisti, mama wa kikundi cha wanawake: Jumapili ijayo mtazameni huyo aliyebaki benchi, mmfuate nyumbani, mmweleze njia ya kurudi na lini itakamilika. Na binti au kijana asiyeweza kumwambia mtu wa nyumbani anaweza kupiga namba 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure.