Ute wa Kunasa Nzi, Usoni pa Mtu

Mwaka 1875 Charles Darwin alitoa kitabu kizima kuhusu mimea inayokula wadudu. Sehemu kubwa aliitenga kwa Drosera, mmea mdogo wa vinamasi ambao majani yake yana vinyweleo vyekundu, kila kimoja kimebeba tone la ute linalometameta kama umande. Nzi akitua, hatoki. Darwin aliweka vipande vya nyama juu ya majani hayo, na kwenye mengine akaweka vipande vya kioo. Penye kioo jani lililojikunja lilifunguka mapema. Penye nyama lilikaa limejikunja kwa siku kadhaa. Bila kioo kile, asingejua kama jani limeonja chakula au limeguswa tu.

Kioo hicho ndicho ninachokitafuta sasa kwa kuwa Drosera imeingia kwenye seramu na krimu za uso. Seramu nyingi zina gliserini, na gliserini peke yake hulainisha ngozi. Basi nionyesheni seramu ileile isiyo na Drosera, imepakwa upande wa pili wa nyuso zilezile. Picha ya kabla na baada hainitoshi.

Kinachovutia wanunuzi ni ule ute. Ni minyororo mirefu ya sukari, jamii moja na ute wa bamia. Molekuli inayozidi takriban dalton 500 hupenya ngozi kwa shida sana, na minyororo hii inazidi hapo mara nyingi, kwa hiyo hubaki juu kama utando. Utando una faida yake, maana huzuia maji yasikauke upesi. Lakini dondoo za mitishamba mara nyingi hupatikana kwa kuloweka majani makavu kwenye pombe, na pombe kali haiyeyushi ute. Sifa inayotangazwa huweza kubaki kwenye makapi.

Pombe huchukua vitu vingine. Huchukua kwasetini, iliyomo hata kwenye kitunguu, ambayo maabara zimeiona ikituliza uvimbe katika chembe hai. Huchukua pia kemikali iitwayo plambagini na pacha wake wa kikemia, zenye uzito wa dalton 188 tu, ndogo za kutosha kupenya. Plambagini ndiyo iliyomo kwenye mizizi ya Plumbago zeylanica, ambayo ikisagwa na kubandikwa mwilini huleta malengelenge. Zamani Ulaya watu walipaka utomvu wa Drosera kwenye chunjua ili ziungue. Mtengenezaji anayejali wateja wake hupima kiasi cha plambagini katika kila shehena na kukitaja. Hapo sikubali kubembelezwa.

Tazama pia lebo. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, viungo vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kuandikwa kwa mpangilio wowote baada ya vile vilivyozidi, hivyo jina la Drosera likikaa mbele ya manukato halithibitishi wingi wake.

Na mmea wenyewe unatoka wapi? Vinamasi vya Ulaya vilipokaushwa na Drosera ikawekewa ulinzi, wanunuzi walihamia Drosera madagascariensis, inayoota Madagaska na pia huku Afrika bara, Tanzania ikiwemo. Kule Madagaska huchumwa porini kwa mkono. Ni mmea mwepesi mno. Kujaza kilo moja kunahitaji maelfu ya mashina, kila moja likiwa limeng'olewa kwenye tope.