Ukame Usiosemwa: Sinema na Kitabu Chake

Mtu asimamaye ufukoni Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, hana sababu ya kuwaza ukame. Mbele yake ni maji mpaka upeo wa macho; usipa huvuliwa humo usiku kwa taa, na kilindi kikubwa cha ziwa hufika mita 700 hivi. Hata hivyo, mwaka 2005 wataalamu walitoboa tope la sakafu ya ziwa hilo wakazisoma tabaka zake. Ilionekana kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita vilitokea vipindi vya kiangazi kikali hata maji yakashuka kwa karibu mita 600, likabaki ziwa dogo lenye magadi.

Afrika kame ya namna hiyo ndiyo inayofungua sinema iitwayo 2001: A Space Odyssey, iliyotengenezwa na Stanley Kubrick na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1968. Kwa zaidi ya dakika 20 halisemwi neno. Zamadamu, viumbe walio nusu sokwe nusu watu, wanachakura majani makavu na kugombania kidimbwi. Kisha linatokea jiwe jeusi la ajabu, na mmoja wao anang'amua kwamba mfupa waweza kuwa rungu. Picha hizo ni nzuri mno. Lakini njaa ile imetoka wapi? Sinema haisemi.

Arthur C. Clarke, aliyeandika mswada wa sinema pamoja na Kubrick, alitunga sambamba riwaya yenye jina hilohilo, ikatoka miezi michache baadaye. Humo kiongozi wa kundi ana jina, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mtazama-Mwezi. Msomaji anaelezwa kwamba ukame umedumu miaka milioni 10, na kwamba kundi linakufa kwa njaa ilhali limezungukwa na wanyama, kwa kuwa halijawahi kuwaza kwamba nyama ni chakula. Alfajiri moja Mtazama-Mwezi anamkuta mzee amekufa pangoni. Ni baba yake, lakini hajui. Akili yake haijaweza kushika uhusiano huo. Hili kamera haina namna ya kulipiga picha. Huonyesha uso wa kiumbe, si wazo ambalo bado halijazaliwa.

Kitabu pia hurekebisha. Wanyama wanaochanganyika na zamadamu katika sinema ni tapiri, wakaao Amerika na Asia, wala si Afrika. Clarke anaweka nguruwe wa porini, na silaha ya kwanza ni jiwe. Kisa chake kiko miaka milioni 3 iliyopita, ingawa wakati ule zana kongwe za Olduvai zilikadiriwa kuwa na umri usiofika miaka milioni 2. Mwaka 2015 zilitangazwa zana za mawe za Lomekwi, Kenya, zenye miaka milioni 3.3. Clarke alibahatisha vizuri. Kuhusu ukame usiokatika hakubahatisha vizuri: tope la Nyasa laonyesha kiangazi na mvua vikipokezana.

Kadhalika kompyuta HAL, ambayo katika sinema huua wasafiri na kuonekana katili tu, kitabuni ina sababu: iliundwa iseme kweli, kisha ikaamriwa kuwaficha wasafiri shabaha ya safari.

Mfano mwingine ni wa Isaac Asimov, mtaalamu wa bayokemia, aliyeombwa kuigeuza sinema Fantastic Voyage ya mwaka 1966 kuwa kitabu. Nyambizi inapunguzwa hata kupita ndani ya mshipa wa damu, na baada ya dakika 60 lazima irudie ukubwa wake. Katika sinema chembe nyeupe ya damu inaimeza, wasafiri wanatokea jichoni, na mabaki yanaachwa ndani. Asimov aliona kwamba mabaki hayo yangevimba na kumpasua mgonjwa. Kitabuni, wasafiri wanaivuta chembe ile iwafuate mpaka nje, na nyambizi tumboni mwake.