Beni-Butembo: Mapumziko ya siku mbili ng'ambo ya Kasindi, mambo ya kupanga kabla ya kuvuka

Wakaaji wa Butembo na Beni wanaijua barabara ya Kasindi kwa ajili ya biashara: mafuta, saruji, nguo na magari yanayopandishwa kutoka bandari ya Mombasa. Wachache wanaifikiria kama barabara ya kwenda kupumzika. Lakini kwa mtu mwenye siku ya posho na siku ya yenga peke yake, hakuna nchi ya kigeni iliyo karibu kuliko Uganda. Bahari iko mbali sana nasi. Pwani ya nchi yetu ni Muanda, upande mwingine kabisa, kwenye mdomo wa mto Congo. Ziwa, mlima na wanyama, hayo yote yako chini ya kilomita 200 kutoka Butembo.

Tuanze na hesabu ya njia. Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Beni hadi Kasindi ni kama 80. Kutoka Mpondwe, upande wa Uganda, hadi mji wa Kasese ni kama 55, zote lami. Kwenye ramani safari ni fupi. Barabarani si hivyo. Kazi za barabara ya Kasindi-Beni-Butembo zilizinduliwa na marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni tarehe 16 Juni 2021, ila msafiri bado anapaswa kujiandaa kwa vumbi wakati wa kiangazi, matope wakati wa mvua na vizuizi njiani. Mtu wa Butembo anayetaka kulala Kasese aondoke asubuhi mapema. Aliye na nafasi ya kuondoka siku ya tano na kulala Beni, siku ya posho itakuwa nyepesi kwake.

Kuna jambo linalowasumbua wengi: saa. Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Ukifika Kasindi saa tisa za mchana, Mpondwe ni saa kumi tayari. Basi utakachopanga ng'ambo, kipange kwa saa ya kule.

Kuhusu karatasi, wachuruzi wa mpakani huvuka daraja la mto Lubiriha na kurudi siku hiyohiyo. Anayekwenda kulala ndani ya Uganda ana hesabu nyingine: pasipoti ambayo haijaisha na karte ya njano ya chanjo. Kabla ya kufunga safari, uliza kwenye ofisi ya DGM masharti ya kuingia Uganda yakoje wiki hiyo, maana hubadilika. Mwenye watoto aulize pia ni hati gani watoto wanadaiwa. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyovuka pia hadi wilaya ya Kasese mwezi wa Juni 2019, mambo ya afya mpakani si ya mchezo.

Feza ibadilishwe kabla ya kwenda mbali na mpaka, kwa sababu huko ndani franka yetu haikusaidii. Dola ziwe safi, zisizopasuka wala kuandikwa. Anayevuka na gari lake akumbuke kwamba Uganda wanaendesha upande wa kushoto.

Ukishafika, mambo ya kuona hayakosi. Kabla ya Kasese kuna njia panda ya Kikorongo. Ukishika kusini, unapita alama ya mstari wa Ikweta, mstari uleule unaopita kati ya Butembo na Lubero, kisha unafika Katunguru, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth iliyoundwa mwaka 1952. Huko mashua hupita kwenye mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edouard, na viboko, nyati na tembo huonekana kwenye kingo. Uliza mlangoni kama bei ya raia wa Afrika Mashariki inakuhusu. Congo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Anayependa mji wenye baridi kidogo aendelee hadi Fort Portal, kama kilomita 75 kaskazini ya Kasese, kwenye maziwa madogo yaliyojaa mashimo ya volkano za zamani.

Lugha haitakuwa shida. Wakonzo wa Kasese na Wanande ni ndugu, na anayesema Kinande atasikilizana nao sokoni bila mkalimani. Hata Rwenzori, mlima wa mita 5109 unaoonekana Beni anga likiwa safi, utaukuta hapo, ila sasa uko upande wa magharibi.

Tusifiche jambo la usalama. Kwenye barabara ya Beni-Kasindi magari yamewahi kuchomwa na wasafiri kuuawa. Na ng'ambo si peponi: mwezi wa Juni 2023 ADF waliua watu zaidi ya 40 huko Mpondwe, wengi wao wanafunzi wa shule ya sekondari, na Oktoba mwaka huo waliua watalii wawili na kiongozi wao ndani ya Queen Elizabeth. Kwa hiyo uliza habari za njia asubuhi ya safari, si jana yake. Usitembee usiku. Acha nyumbani jina la hoteli na namba ya dereva. Wakikuambia njia si nzuri, ahirisha, Kasese haihami.

Wapo watakaosema kupumzika ni kwa matajiri. Ni kweli, pasipoti peke yake inazishinda jamaa nyingi. Lakini kinachouma zaidi ni kwamba ziwa Edouard ni letu pia, na hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ni ya kwanza Afrika. Kama kungekuwa na amani, mwalimu wa Butembo angewapeleka wanafunzi wake kuona viboko bila pasipoti yoyote. Leo, ili awaone kwa utulivu kidogo, anapaswa kuvuka mpaka.

Siku ya yenga, ondoka Kasese mapema. Ukivuka unarudishiwa ile saa moja, lakini usiitumie kukawia: kutoka Kasindi hadi Butembo bado kuna kilomita 134, na giza halingoji mtu.