Gunia Lenye Kilemba

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kicheko. Nina maana ya kile kicheko cha mgeni, anayefika ugenini na kuona kila kitu ni kichekesho, isipokuwa yeye mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa mahali ambapo baridi ilikuwa ni kitu cha kununua, tena ndani ya chupa ya soda. Katika miaka ya 1990 kazi ilinipeleka Tandala, wilayani Makete. Wakati ule Makete ilikuwa katika Mkoa wa Iringa, maana Mkoa wa Njombe umezaliwa mwaka 2012.

Kichekesho cha kwanza nilikutana nacho Makambako, pale njia panda ambapo barabara ya Songea huachana na ile ya Mbeya. Niliteremka garini alfajiri, nimevaa shati la mikono mifupi na ndala. Mtoto mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha, amevaa koti la mtu mzima na kofia ya sufu, alinitazama toka juu hadi chini, kisha akawaita wenzake. Wakaja wanne. Hawakuwa na haja ya kuuza mayai tena, walikuja kutazama. Basi kichekesho chenyewe kilikuwa mimi.

Njombe mjini mzee mmoja alinisalimia, "Kamwene!" Nikamjibu kwa adabu zote kwamba mimi siye Kamwene, labda amenifananisha. Kumbe hiyo ndiyo salamu ya Wabena.

Nilipofika Tandala, mama aliyenipangisha chumba aliligusa shati langu kwa vidole viwili akasema, "Mwanangu, huku shati ni nguo ya ndani." Jioni hiyo hiyo akaniazima koti la marehemu mumewe.

Wako watakaouliza baridi hiyo inatoka wapi, na hali nchi yetu iko karibu na Ikweta. Jibu ni mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu. Toa nyuzi kumi na mbili katika joto la Tanga, upate hali ya Njombe. Mwezi Juni na Julai, usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lake haraka, na hewa ya baridi huteremka mabondeni kama maji. Asubuhi moja nilikuta majani yote ya bondeni yamekuwa meupe, nikadhani kuna mtu amemwaga unga. Ilikuwa sakitu, yaani umande ulioganda. Mimi nilicheka na kuifinyanga mkononi. Mama hakucheka. Alikuwa akitazama kinyungu chake, lile shamba dogo la bondeni, ambalo majani yake saa nne yangekuwa meusi kama yaliyounguzwa kwa moto.

Tokea hapo nikaanza kujifunza kwamba kila nilichokicheka kilikuwa na sababu yake. Nilicheka moshi wa jikoni uliotufanya sote tulie kama tuko msibani. Kumbe moshi ule hupanda darini kuyakausha mahindi na kuwafukuza wadudu. Kule Njombe nilicheka mianzi iliyofungiwa vyombo kwenye ncha zilizokatwa, kama wagonjwa waliotundikiwa dripu. Kumbe ndivyo ulanzi unavyogemwa wakati wa masika. Utomvu wa leo ni mtamu kama sharubati. Wa kesho umechachuka, na anayeunywa kwa kukumbuka utamu wa jana hurudi nyumbani akishika kuta.

Nilicheka pia mbatata. Kwetu pwani mbatata ni kitu cha kutia katika urojo na katlesi. Tandala ilikuwa mbatata asubuhi kwa chai, mbatata jioni kwa maharage. Lakini mbatata naye ni mgeni kama mimi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na hupenda baridi; kwenye joto la Tanga hutoa majani mengi na viazi haba. Ndiyo maana chipsi anazokula mtu wa Dar es Salaam, usiku, chini ya taa ya kibandani, mara nyingi zimeanza safari yake katika miteremko ya Njombe na Makete.

Sasa nafikia kichekesho cha mwisho, na ndicho kilichonifanya nizungumze leo.

Siku moja ya mavuno niliona kando ya barabara magunia yamepangwa, na kila gunia limevaa kilemba. Nasema kilemba, maana mdomo wa gunia ulikuwa umejaa, kisha juu yake kumeongezwa viazi vingine kama kichuguu, vikafunikwa wavu na kushonwa kwa kamba. Vijana watatu walikuwa wakihangaika kupakia gunia moja. Nilicheka sana. Nikamwambia mama, "Magunia ya huku yanakwenda harusini?"

Mama akanijibu, "Hiyo ni lumbesa, mwanangu. Huyo harusi yake iko kwa mnunuzi."

Wasikilizaji, kwetu pwani kilemba hutolewa na anayetaka kuoa, kwa heshima ya wazazi wa binti. Kilemba cha Tandala kilikuwa kinatolewa na mwenye mali. Hebu tupige hesabu. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Hayo yamo katika taratibu za Sheria ya Vipimo, na anayezisimamia ni Wakala wa Vipimo. Tuseme gunia lenye kilemba lina kilo 130, na mkulima amelipwa bei ya gunia moja. Kilo 30 zimekwenda bure. Akiuza magunia kumi, amegawa kilo 300, yaani magunia matatu mazima. Amelima, amepalilia, amepiga dawa ya ukungu, ameomba Mungu sakitu isishuke, kisha sehemu hiyo yote ameitoa sadaka kwa mtu asiyemjua.

Utauliza, kwa nini anakubali? Kwa sababu kiazi si hindi. Hakikai darini mwaka mzima. Mnunuzi ana lori, mkulima hana. Ada ya shule ina tarehe yake. Na mnunuzi naye ana hesabu zake, kwani nauli na ushuru mara nyingi huhesabiwa kwa gunia. Gunia likinenepa, gharama yake kwa kila kilo hupungua. Hivyo anayepunjwa si mkulima peke yake. Halmashauri nayo hukosa sehemu ya ushuru, na mchukuzi wa sokoni hubeba kilo za ziada kwa mgongo ule ule. Lumbesa imepigwa marufuku zaidi ya mara moja. Lakini marufuku haina nguvu mahali pasipo na mizani, na pale kando ya barabara siku ile sikuiona hata moja.

Halafu lile gunia likifika mjini, kilemba huvuliwa. Hapo viazi huuzwa kwa sado au kwa fungu, na hakuna muuzaji anayemwongezea mteja kichuguu juu ya sado yake. Kipimo kinachomwagika shambani kwa ukarimu, mjini huwa na mdomo mkavu.

Siku ile nilipomaliza kucheka, mama aliniuliza swali moja bila hasira: "Na ninyi mnaokula huko mjini, hivi viazi vya juu mnajua ni vya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama mbele yake nimevaa koti la mumewe, na nimekula viazi vyake asubuhi ile.

Leo nikienda sokoni hudai mizani. Muuzaji hunicheka, huniita mzee wa kilo. Namwacha acheke. Nakuomba nawe, msikilizaji, utakapoona gunia lenye kilemba linateremshwa sokoni, usilipite hivi hivi. Uliza lina kilo ngapi. Pengine nawe watakucheka, lakini tukiuliza wengi, atakayevaa kilemba hicho atakosa pa kwenda harusini.