Toni na Nafsi katika Lugha za Kichatino

Kichatino huzungumzwa na watu zaidi ya 40,000 katika milima ya kusini mwa jimbo la Oaxaca, nchini Meksiko, hususan wilayani Juquila, nacho ni ndugu wa karibu wa Kizapoteki katika familia kubwa ya lugha za Oto-Mangue. Jina hilo moja hufunika zaidi ya lugha moja. Mwaka 1913 Franz Boas alikwisha kutenga matawi matatu, yaani Kichatino cha Zenzontepec, cha Tataltepec na cha Mashariki, na mgawanyo huo ungali unafuatwa na wanaisimu, ingawa orodha rasmi ya lugha za wenyeji iliyotolewa Meksiko mwaka 2008 hutaja lahaja 6.

Kichatino cha Zenzontepec kimehifadhi maneno ya silabi mbili na zaidi, ilhali katika baadhi ya miji ya Mashariki, kama San Juan Quiahije, irabu zilizotangulia silabi ya mwisho zimedondoka, na mashina mengi yamebaki na silabi moja inayoanza kwa konsonanti zilizofuatana. Huko toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, hubeba mzigo mzito sana: Quiahije ina toni bainifu zaidi ya 10, wakati mfumo wa Zenzontepec ni mwepesi zaidi.

Toni hizo hazipaswi kuhesabiwa kuwa pambo la matamshi, kwani ni sarufi yenyewe. Kiswahili humtambulisha mtenda kwa viambishi ni-, u- na a-; katika kitenzi cha Quiahije, nafsi ya pili umoja hudhihirishwa na badiliko la toni peke yake, na nafsi ya kwanza umoja na toni pamoja na irabu inayotamkwa kupitia puani. Kuona toni ikifanya kazi ya sarufi hakutamshangaza sana msomaji anayejua Kikikuyu au Kiganda, ambazo nazo ni lugha za toni.

Ndiyo maana mradi wa kuhifadhi Kichatino, ulioanza mwaka 2003 kwa juhudi za Emiliana Cruz na Hilaria Cruz, wanaisimu wawili wa tumbo moja waliokulia Quiahije, wakishirikiana na Anthony Woodbury wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, uliipa toni nafasi ya kwanza. Katika tahajia ya Quiahije toni huandikwa kwa herufi iliyoinuliwa mwishoni mwa neno. Ikiachwa, msomaji huweza kubaki akibahatisha kama mtenda ni "wewe" au "yeye".